Daraja Alilolichora Mama Majani

Ofisini walimwita Mama Majani, ingawa hakuwa na mtoto. Jina alilipata mwaka ule alipotumia mwezi mzima kuchora jani moja la mkaratusi: upande wa juu, upande wa chini, likiwa bichi, likiwa limekauka, likiwa limetobolewa na wadudu. Mkuu wa studio alipokuja kuuliza kazi imefikia wapi, akaonyeshwa jani.

"Mwezi mzima?"

"Mwezi mzima."

"Na mti?"

"Mti uko njiani, unakuja."

Ofisi nzima ikaangua kicheko, na jina likamganda kama gundi.

Studio yenyewe ilikuwa ghorofani, juu ya duka la matairi, na harufu ya mpira ilipanda ngazi pamoja na wafanyakazi kila asubuhi. Palikuwa na feni moja tu, nayo ilielekezwa kwenye kompyuta. Binadamu walijipepea kwa makaratasi. Walikuwa wakitengeneza mchezo wa kompyuta wa mbio za ramani. Mchezaji anapewa ramani na dira, anaachwa katikati ya msitu, kisha anatafuta vibendera vilivyofichwa, kimoja baada ya kingine, na anayevimaliza upesi ndiye mshindi. Michezo ya aina hiyo ilikuwepo tayari, lakini misitu yake ilikuwa ya kitoto: miti yote pacha, ardhi imenyooka kama meza. Mkuu alitaka msitu ambao mtu akikaa mbele ya skrini ataogopa kukanyaga nyoka.

Kwa kazi hiyo hapakuwa na mwingine. Baba yake Mama Majani, ambaye mji mzima ulimjua kwa jina la Kocha, alifundisha mbio za ramani tangu ujana wake katika msitu uliokuwa mwisho wa barabara ya lami. Binti alikimbia humo tangu hajang'oa meno ya utoto, mpaka goti lilipomwambia basi. Mguu ulipokataa, mkono ukachukua kazi: akasomea kuchora kwa kompyuta. Basi msitu wa mchezo ukawa msitu wa baba yake. Kila Jumamosi waliingia pamoja, mzee mbele, binti nyuma na kamera, akipiga picha za magome, mizizi na mawe yanayoteleza.

"Hapa piga chini," Kocha alikuwa akimwambia. "Mkimbiaji haangalii juu. Mkimbiaji anaangalia pa kuweka mguu."

Siku hizo mzee alikuwa ameanza kusahau. Mwanzoni yalikuwa mambo ya kucheka: miwani kwenye friji, chumvi kwenye chai. Halafu akapotea akienda kwa kinyozi, mtaa wa pili tu, yeye ambaye aliwahi kutoa watu msituni katika ukungu. Daktari akawaambia watoto wawili wa mzee kwamba ugonjwa huo hauna kurudi nyuma, na mzee asiachwe peke yake. Mama Majani akamhamishia nyumbani kwake. Mdogo wake wa kiume, dereva wa gari la kusambaza mikate, akawa anapitia kila alfajiri kumsalimia kabla ya kuanza mizunguko yake. Mchana mzee alishinda na jirani wa chini, fundi cherehani, mama mtu mzima aliyepandisha mashine yake sebuleni kwao kwa sababu dirisha lao lilikuwa na mwanga mzuri.

Ndipo likaja suala la daraja.

Katikati ya msitu ule kuna korongo. Halina pa kuvukia. Unalizunguka, na kulizunguka ni kazi. Wachezaji waliokuwa wakiujaribu mchezo wakalalamika kwamba pale wanachoka na wanaacha. Mkuu wa studio akasema, "Weka daraja."

"Pale hakuna daraja."

"Dada yangu, kwenye mchezo wetu lipo."

Mama Majani alinuna siku nzima. Siku ya pili akaanza kuchora, na alipoanza, mapenzi ya kazi yakamzidi nguvu. Akasuka kamba mojamoja. Akazizeesha mbao, akaziwekea utelezi wa kijani pembezoni, akaing'oa moja ili mtu achungulie maji kule chini. Kilichobaki ni sauti. Akaomba mbao kuukuu kwa wauza matairi, akazilaza juu ya matairi uani, akamleta baba yake avuke huku yeye ameshika maikrofoni karibu na miguu yake.

"Twende tena, Baba."

"Nivuke tena?"

"Vuka tena. Polepole, kama unaogopa."

"Mimi siogopi daraja," mzee akasema, akavuka, na mbao zikalia vizuri mno. Walirudia mpaka jua likaingia nyuma ya duka. Mzee alifurahi siku ile. Aliporudi nyumbani alimsimulia fundi cherehani kwamba amevuka daraja mara nyingi kuliko mbuzi.

Baada ya hapo Mama Majani akaleta kompyuta nyumbani, akamfungulia mzee mchezo. Alitaka tu kuona kama ataufurahia. Kocha akavaa miwani, akashika kipanya kwa mkono wa kulia na dira yake ya zamani kwa mkono wa kushoto, na mtu aliyeshindwa kukumbuka kama amekunywa chai akavipata vibendera vyote, bila kubahatisha, akipitia njia ambazo binti mwenyewe alikuwa amezisahau. Mama Majani alikwenda jikoni, akafungua bomba ili asisikike, akalia kwa furaha.

Tangu siku hiyo mzee alicheza kila mchana. Na kila wiki binti alileta msitu ulioboreshwa: vivuli vinavyotembea na jua, ukungu unaokaa mabondeni, majani yanayotikisika mtu akipita. Kijana wa programu, ambaye ofisini walimwita Fremu kwa kuwa kilio chake kilikuwa hicho hicho, kwamba picha zinakwama na fremu, yaani picha za kila sekunde, zinapungua, alimsihi apunguze. "Dada, mashine za watu zitaungua." Akakubali kung'oa vichaka upande wa mashariki na kuondoa kijito kimoja. Vilivyobaki akavifanya vizuri zaidi.

Mzee akaanza kupangusa miguu kwenye zulia kila anapomaliza kucheza. "Leo kuna tope," alikuwa akisema. Mama Majani alicheka mpaka akashika mbavu, akalipeleka neno hilo ofisini. Mkuu akapiga makofi: "Umeona? Hiyo ndiyo sifa! Hiyo tuiweke kwenye tangazo." Daktari tu ndiye hakucheka. Aliuliza, "Akizima kompyuta, anajua kwamba ametoka?" Mama Majani akajibu kwamba anajua. Hakuwa na uhakika, lakini nani angemnyang'anya mzee kitu pekee kilichobaki kichwani mwake?

Siku yenyewe ilikuwa ya mawingu. Mchana, simu ya Mama Majani ikalia; alikuwa fundi cherehani, na maneno yake yalikuwa yakikanyagana.

"Mwanangu, baba yako yuko huko kwako?"

"Huku kwangu? Si yuko na wewe?"

"Umeme umekatika. Kompyuta ikazima. Akanyanyuka, akaniambia hajamaliza, anakwenda kumalizia. Mimi nikajua msalani! Niko na pindo la watu mkononi, mashine yangu ya miguu haina habari na umeme, nikaendelea kushona. Kuinua kichwa, mlango uko wazi."

"Alikuwa amefika wapi?"

"Mlangoni, nadhani, sikumwona ..."

"Kwenye mchezo, mama. Kwenye mchezo alikuwa amefika wapi?"

"Alisema amebakiza kuvuka daraja."

Simu ilimponyoka Mama Majani, ikaanguka kwenye kibodi. Fremu, aliyekaa meza ya pili, alisema baadaye kwamba hakuwahi kuona uso wa mtu ukikimbiwa na damu namna ile. Alishuka ngazi bila mkoba. Goti lililokataa kukimbia miaka yote, siku hiyo lilikimbia.

Mdogo wake, ambaye fundi alikuwa amempigia pia, alimkuta barabarani akamchukua na gari la mikate, kreti tupu zikigongana nyuma. Wakapita kwa walinzi wa msitu, wakatoa taarifa. Mlinzi wa getini akakiri kwamba amemwona mzee mmoja amevaa kandambili, dira shingoni. Alimpungia mkono, maana nani asiyemjua Kocha? Mvua ikaanza wakati wakiingia chini ya miti.

"Niongoze," mdogo wake akasema. "Wewe ndiye unayejua."

Na kweli yeye ndiye aliyejua. Alikuwa na msitu wote kichwani, jiwe kwa jiwe. Alipita mbele upesi, akakunja kushoto penye mkaratusi uliogawanyika, akateremka, akategemea kukuta uwazi upande wa mashariki utakaomtoa kwenye korongo. Akakuta vichaka. Akasimama. Akajaribu kupita chini yake, miiba ikamshika nguo. Wakazunguka. Wakakuta kijito ambacho hakukitegemea, maji yamejaa kwa mvua, na akasimama tena, anakitazama kama mtu aliyekuta ukuta sebuleni kwake.

"Nini?" mdogo wake akauliza.

"Hiki ... hiki tulikiondoa."

"Mlikiondoa vipi? Kijito kinaondolewa?"

"Kwenye mchezo. Na vichaka pia." Alijishika kichwa. "Sijui tuko wapi."

"Hujui?" Sauti ya kijana ikapanda. "Dada, msitu huu si umeuchora wewe? Miaka yote unatuambia umeuchora mpaka mchwa! Sasa baba yuko wapi?"

Hapo ndipo alipovunjika: kila alipofumba macho kuutafuta msitu wa utotoni, alioujua kwa nyayo, ulikuja ule wa skrini, safi, wenye jua la pembeni, ukakaa juu ya ule mwingine kama kitambaa juu ya meza. Akajaribu kukumbuka sauti ya baba yake ikisema ukipoteza njia fanya nini. Hakuikumbuka. Akabaki anaita tu, "Baba! Baba!" na mvua inalimeza jina.

Mdogo wake akamwacha. Hakusema kwa ubaya, alisema, "Mimi nafuata maji. Maji yanakwenda korongoni," akakifuata kijito, na yeye akamfuata nyuma akijikwaa, akijisemea kwa sauti kwamba mzee atakuwa amechoka njiani, atakuwa amekaa chini ya mti, atakuwa amerudi nyumbani na wanahangaika bure. Alijisemea hivyo mpaka walipotokea ukingoni.

Palikuwa kama palivyokuwa siku zote, kabla hajapagusa. Udongo mwekundu, ukingo, hewa tupu. Ng'ambo ya pili miti ilisimama imelowa. Kwenye ukingo, pale pale alipofunga zile kamba zake, palikuwa na mburuzo mrefu uliochimba udongo, na kandambili moja.

Mdogo wake alipiga kelele ambayo haikuwa neno. Akaanza kuteremka kwa mikono na magoti. Mama Majani hakuteremka. Akalala kifudifudi ukingoni akachungulia, na kule chini, kati ya mawe, aliona shati la bluu alilolipiga pasi asubuhi ile.

Mzee alikuwa hai. Nyonga ilikuwa imevunjika, midomo imekuwa ya majivu kwa baridi. Walinzi walipofika na kamba na machela, giza lilikuwa likianza kuingia, wakampandisha taratibu, naye hakulia hata kidogo. Alipofikishwa juu alimwona binti yake, akamtambua, na akamwuliza kwa mshangao wa kweli, kama mtu aliyefanyiwa utani mbaya:

"Daraja amelitoa nani?"

Mama Majani alimshika mkono. Mdogo wake, aliyekuwa upande wa pili wa machela, ametapakaa tope mpaka nyusi, akamtazama.

"Daraja gani?"

Ikabidi aseme. Alisema pale pale, mvua inawanyeshea, mbele ya walinzi: kwamba hapakuwa na daraja, kwamba alilichora yeye, kwamba hata mbao zake mzee mwenyewe alizikanyaga uani kwenye duka la matairi ili zitoe sauti. Mlinzi mmoja akavua kofia, akaitazama, akaivaa tena. Mdogo wake hakumtukana. Aliinua upande wake wa machela na kuondoka, na tangu pale hakuzungumza na dada yake.

Hospitali ilimrekebisha mzee nyonga lakini hakutembea tena. Na akili, kama kwamba ilikuwa ikisubiri ruhusa, ikashuka upesi. Siku nyingine alimwita binti yake kwa jina la marehemu mama yao. Siku nyingine hakumwita kitu. Neno moja tu halikumtoka: alitaka apelekwe akamalizie.

Mama Majani alirudi kazini akaenda moja kwa moja kwa mkuu wa studio.

"Litoe lile daraja."

Mkuu alimwonea huruma. Alikuwa amekwenda hospitalini, alimwona mzee kwa macho yake. Lakini alisema, "Dada, bango la mchezo ni lile daraja. Wachezaji wote wa majaribio wanalisema lile daraja. Tunaweza kuweka onyo mwanzoni, kwamba mandhari haya si msitu halisi. Watu wanajua huu ni mchezo."

"Baba hakujua."

"Baba ni mgonjwa, dada."

"Alikuwa mgonjwa tangu nilipomfungulia. Mimi ndiye niliyejitahidi asijue."

Mkuu akatazama meza yake.

Siku mchezo ulipokaribia kutoka, wenzake wakiwa wameshuka kula, Mama Majani aliufungua msitu, akalifuta daraja. Kamba, mbao, ule utelezi wa kijani, zile sauti za miguu ya baba yake, vyote. Korongo likabaki tupu kama alivyolikuta. Alikaa akilitazama, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile akapumua mpaka tumboni.

Asubuhi iliyofuata lilikuwa limerudi.

Fremu alikuja mezani kwake, akainama kama anaokota kitu. "Nimelirudisha mimi," akanong'ona. "Tunaweka akiba ya kila kitu, dada, unajua. Sijamwambia mtu. Tafadhali usifanye tena." Na macho yake yalikuwa mekundu, maana naye alimpenda Kocha.

Hapo ndipo Mama Majani alipokata tamaa kabisa. Aliweza kutengeneza kitu ambacho hakipo mpaka mtu mzima akakiamini na kukikanyaga. Kukifanya kisiwepo tena hakuweza. Aliandika barua ya kuacha kazi yenye sentensi moja. Mchezo ulitoka bila yeye. Watu wakausifu. Mmoja aliandika kwamba akivuka lile daraja anasikia mbao zikinesa chini ya kiti chake, na Mama Majani akaisoma sifa hiyo mara moja, akaizima simu, akaenda kumbadilisha baba yake shuka.

Hiyo ndiyo ikawa kazi yake. Kumlisha kwa kijiko, kumfuta, kumgeuza asiote vidonda. Mzee alipoomba akamalizie, mwanzoni binti alimwambia, "Kesho, Baba." Baadaye akaona kwamba neno kesho linamfanya mzee ajaribu kushuka kitandani. Akabadili, akawa anamwambia, "Umeshamaliza, Baba. Umekuwa wa kwanza." Wakati mwingine mzee alitulia. Wakati mwingine alimtazama kwa shaka, kama mwalimu anayejua mwanafunzi amenakili, na binti akageuzia uso ukutani. Alikuwa anamdanganya tena. Tofauti ni kwamba safari hii alijua.

Fundi cherehani alijaribu kumfariji. "Mwanangu, mimi ndiye niliyeacha mlango wazi."

"Mlango uko wazi kila siku, mama. Watu hawaangukii mlangoni."

Mdogo wake aliendelea kuja kila alfajiri. Aliingia, akamsalimia mzee, "Shikamoo, Baba," akakaa pembeni ya kitanda, akaondoka. Dada yake akisimama jikoni, yeye alipita kama anapita kando ya kabati. Miezi ilikwenda hivyo. Mama Majani hakumlaumu. Alikuwa ameshajihukumu kuliko mtu yeyote angeweza, na kimya cha mdogo wake alikiona ni haki yake, akakipokea kila asubuhi kama mtu anavyopokea dawa chungu.

Asubuhi moja mzee alikuwa mzito, anapumua kwa shida, na mgongo umeanza kuchubuka. Mama Majani alijaribu kumgeuza, mikono ikamshinda. Alijaribu mara ya pili, goti likamtupa, akakaa sakafuni kando ya kitanda, na badala ya kunyanyuka akaegemeza paji la uso kwenye godoro akabaki hivyo hivyo. Hakuwa na machozi. Alitaka tu dunia isimame kidogo.

Hakumsikia mdogo wake akiingia. Alisikia viatu vyake vikizunguka kitanda upande wa pili, vikasimama. Halafu sauti, ngumu, kama mlango ambao haujafunguliwa siku nyingi:

"Shika upande huo."

Akanyanyuka. Akashika shuka upande wake, mdogo wake akashika upande wa pili, wakamgeuza baba yao akatazama dirishani.

"Mto," kijana akasema. Dada yake akampa. Naye akauweka nyuma ya mgongo wa mzee, akaubonyeza, akautazama kama umekaa sawa. Safari hii hakuondoka upesi kama siku zote. Alikaa kwenye kiti, gari lake la mikate likimngoja chini, mpaka pumzi ya mzee ilipotulia.